Binti wa Moshi Kaenda Gede Kutembea Tu, Karudi Anauliza Habari za Maji

Moshi wamezoea kupokea wageni. Kila siku unawaona wazungu na viatu vyao vizito, wametoka huko mbali kuja kuuona mlima. Ila mtu wa Moshi mwenyewe akisema anasafiri, ujue anaenda Dar kutafuta maisha, au ni Desemba anarudi mgombani. Sasa kuna dada mmoja, muuza mitumba pale soko la Memorial, alipoaga kwao Marangu kwamba anaenda Kenya peke yake kuangalia magofu, mama yake aliuliza kitu kimoja tu: "Kwani huko una nani?"

Hana mtu. Na ndiyo raha yenyewe.

Kibegi mgongoni, pasipoti mkononi, akapanda gari la Holili. Mtanzania kuingia Kenya haombi viza, anagonga muhuri anasonga. Taveta, Voi, Mombasa. Akalala hapo, asubuhi akala mahamri na mbaazi bila presha, ndipo akatafuta matatu ya Malindi.

Njia hiyo kaikuta wenzake wameshaipita zamani sana. Misafara ya pwani ilikuwa inapanda kupitia nchi ya Wataita mpaka Uchagani kufuata pembe za ndovu. Hata mmisionari Johannes Rebmann alitokea Rabai, jirani na Mombasa, akiongozwa na watu waliokuwa wanaijua njia. Mei 11, 1848 akauona mlima una theluji. Alipoandika, wasomi wa Ulaya wakambishia miaka kibao: theluji karibu na ikweta? Thubutu!

Kwa hiyo pwani na mlima ni majirani wa siku nyingi, tumesahau tu.

Gede yenyewe iko msituni, karibu na Watamu. Unashuka barabara kuu, unatembea kidogo, unaingia kwenye miti mikubwa ambayo mizizi yake imekumbatia kuta za mawe ya matumbawe. Nyani wadogo wanakuchungulia. Kimya! Halafu unashtuka kwamba umesimama katikati ya mji. Kuna msikiti mkuu, kuna jumba la mtawala, kuna nyumba zenye vyoo na mifereji ya maji machafu. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Wakati huo Gede ilikuwa inaishi kitajiri.

Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapo kuanzia 1948 hadi 1958, na nyumba zikapewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Kaure yenyewe ilitoka China, na kuna ushanga uliotoka Venice. Mambo ya kuagiza mzigo nje hayakuanza na Kariakoo! Julai 2024 UNESCO wakaiingiza Gede kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Dada wa watu alipiga picha zake, akakaa kwenye ngazi ya msikiti, akanywa maji. Baadaye akamuuliza muongozaji swali ambalo kila mgeni huuliza: watu walienda wapi?

"Dada yangu, walihama," yule kaka akamjibu. "Njoo uone kisima."

Habari yenyewe ndiyo hii. Kufikia karne ya 17 mji ulikuwa mtupu. Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Wapo wanaowataja Wazimba, waliopita pwani wakiteketeza miji mwaka 1589. Wapo wanaotaja mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini. Lakini ipo na sababu ya maji: visima vilizidi kukauka. Kisima cha msikiti mkuu kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yanawakimbia. Unaweza kuwa na kaure ya China mezani, lakini kisima kikikauka utafungasha.

Hapo ndipo safari ya kupunga upepo ilipobadilika. Mtoto wa Marangu kakua anaona mfongo unapita chini ya kihamba cha bibi yake. Mifongo ndiyo mifereji ambayo Wachaga waliichimba kwa mikono, wakayatoa maji kwenye mito ya juu na kuyazungusha mabondeni mpaka mgombani. Wageni wa karne ya 19 waliifikia wakabaki mdomo wazi. Magofu ya pwani tunalipa kiingilio kuyaona. Mfongo tunauruka kila siku, hatuuangalii.

Aliporudi, kabla hata ya kutoa zawadi, akamuuliza bibi habari za mfongo.

"Ee mjukuu wangu," bibi akasema, "maji yalikuwa na zamu. Mzee wa mfongo akiita, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Usipotokea unalipishwa, na maji huyapati. Sasa nani atoke? Vijana wote mko mjini. Bomba likija tukasema basi, mfongo wa nini."

Na bomba nalo siku hizi lina siku zake za kutoka.

Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na picha zake ndizo zinazosambaa mitandaoni. Lakini maji ya Uchagani kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye msitu, unaoshika mvua na ukungu. Msitu ukikatwa na mfongo ukijaa majani na chupa za plastiki, hahitajiki Mzimba wa kutuhamisha.

Jumamosi iliyofuata meza ya Memorial haikufunguliwa. Mwenye meza alikuwa Marangu na jembe, na wenzake watatu tu, mfongo umejaa tope mpaka magotini. Hadi jioni walikuwa wamesafisha kipande kisichofika hata kihamba cha pili.

Kwenu mfongo unapita wapi, na mara ya mwisho nani aliusafisha?