Saa ya Maskini

Yapo majina ya watu yaliyoanza kwa heshima yakaishia kuwa dharau. Moja ni Roskopf. Katika Kireno neno roscofe, lililotokana na jina hilo, ni saa duni isiyotumainika. Lakini mwenye jina hilo hakuwa mtu wa kutengeneza vitu vibovu, na kisa chake chastahili kusimuliwa kwa haki.

Georges Frédéric Roskopf alizaliwa mwaka 1813 huko Niederweiler, kusini ya Ujerumani. Alipokuwa kijana wa miaka 16 alikwenda La Chaux-de-Fonds, mji wa Uswisi ulio juu ya milima ya Jura, penye baridi kali na ardhi isiyozaa sana. Wenyeji waliishi kwa ufundi wa saa. Mji huo ulipoungua mwaka 1794 ulijengwa upya kwa barabara zilizonyooka, hata mwanga wa jua ukafika vizuri madirishani mwa mafundi. Hapo Roskopf alijifunza biashara na ufundi, akaoa mjane mwenye mali, akafungua karakana yake.

Siku zile saa nzuri ilikuwa ya fedha au dhahabu. Mfanya kazi wa kiwandani aliingia na kutoka kwa kengele, na kengele ilikuwa mkononi mwa tajiri. Asiye na saa atambishiaje mwenye kengele? Roskopf akakusudia kutengeneza saa imara, iendayo sawa, ambayo bei yake ni faranga 20, yaani kiasi cha mshahara wa juma moja wa mtu wa kazi. Akaiita kwa Kifaransa La Prolétaire, maana yake saa ya mfanya kazi.

Yatupasa tuitazame saa yenyewe. Ndani ya saa ya mfukoni mna kamani, nayo ni utepe wa chuma cha pua uliokunjwa ndani ya kipipa cha shaba. Ukitia saa ufunguo, kamani hukazwa. Ikilegea husukuma magurudumu yenye meno, moja likiendesha jingine, mpaka kwenye kifaa kinachoyazuia na kuyaachia kidogo kidogo. Hapo ndipo itokapo ile sauti ya tik-tak. Katika saa za thamani kifaa hicho hutiwa vijiwe vya yakuti vilivyochongwa kwa taabu nyingi. Roskopf alitia vijiti viwili vya chuma. Wazo la vijiti halikuwa lake, maana lilikwisha kuwako kwa mafundi wa Ufaransa. Lililo lake ni kuondoa gurudumu kubwa la katikati na kukuza kipipa cha kamani hata kikaenea mpaka hapo. Mikono ya saa ilirekebishwa kwa kidole usoni pake. Kasha halikuwa la fedha, bali la mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, nao ni mweupe kama fedha. Kwa jumla saa ilikuwa na vipande 57 tu, hali saa ya kawaida ilikuwa na zaidi ya mia.

Mafundi wengi wa mji wake waliona kazi hiyo ni aibu kwao. Mtu aliyezoea kuchonga kasha la dhahabu atakubalije kugusa madini ya vijiko? Roskopf hakugombana nao. Akatafuta watu wa kazi katika vijiji vingine vya Jura. Mwaka 1867 saa yake ilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, ikapata nishani ya shaba. Kwa saa ya maskini, nadhani shaba ile ilikuwa na uzito wa dhahabu.

Walakini Uswisi haikuwa na sheria ya kulinda uvumbuzi mpaka mwaka 1888. Roskopf alipata hati katika nchi za nje, lakini nyumbani kwake kila mtu aliweza kumwiga. Mwaka 1873 aliwaachia wengine biashara, na mwaka 1889 akafa mjini Bern. Waigaji wakaongezeka. Wengine walitengeneza saa nzuri. Wengine walipunguza gharama hata saa ikawa kelele tupu, nao wakaandika Roskopf usoni pake vilevile. Ndivyo jina lilivyochafuka, ijapokuwa saa za namna hiyo ziliuzwa kwa mamilioni duniani.

Kisha mwaka 1969 Wajapani wakatoa saa ya mkononi iendeshwayo kwa umeme wa betri na jiwe la kwazi. Saa hizo ziliposhuka bei katika miaka ya 1970, viwanda vya saa za Roskopf vikafungwa kimoja baada ya kimoja, na mafundi wengi wa Jura wakakosa kazi.

Mwaka 1983 Waswisi walirudi sokoni na saa ya plastiki, rahisi kwa bei, inayoitwa Swatch. Wahandisi wake walikuwa wamepunguza vipande hata vikabaki 51, yaani 6 pungufu ya vile vya Roskopf.