Munyonyo hadi Namugongo: Njia ya Mashahidi wa Uganda

Hapa Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria, palikuwa na ikulu ya Kabaka Mwanga II. Mwezi Mei 1886 vijana wa ikulu waliokataa kuikana imani yao walihukumiwa kufa, wakafungwa kamba na kuswagwa kwenda Namugongo. Si wote waliofika. Ponsiano Ngondwe aliuawa Ttakajjunge, Atanasio Bazzekuketta akauawa Nakivubo. Matia Mulumba, mtu mzima kati ya vijana, aliachwa Old Kampala akiwa amekatwa viungo, akafa baada ya siku kadhaa.

Kati ya waliofika, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana, na hadi leo kila upande una madhabahu yake pale, jirani kwa jirani. Mashahidi 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964.

Kila mwaka kabla ya 3 Juni mahujaji huenda Namugongo kwa miguu, wengine kutoka Kenya na Tanzania, safari ya wiki kadhaa. Kikundi kidogo hutembea vizuri kuliko umati: rozari husaliwa kwa pamoja bila kupaza sauti sana, na mwenye malengelenge haachwi nyuma. Mwendo wa kikundi ni mwendo wa aliye mchovu zaidi.

Anzeni alfajiri, bebeni maji, na barabarani tembeeni mstari mmoja. Bodaboda hazisubiri hujaji.