Nani Alianza Kupewa Vya Bure?

Kuna msee aliniandikia wiki iliyopita, baada ya video yangu ya mbolea, eti wakulima wa Kisii na Nyamira "wamezoea vya bure". Nilicheka, halafu ikaniuma.

Magokoro, yaani nyanya yangu, analima nusu ekari kule Nyamache. Meseji ya mbolea ikiingia, mimi ndiye namsomea. Anafungua leso, anatoa 2,500 za gunia la kilo 50, kisha anamlipa mtu wa boda arudishe gunia nyumbani. Hiyo bure iko wapi?

Wenye walipewa pesa kweli ni wengine. Rudi 1942. Vita vinaendelea, serikali ya mkoloni inataka mahindi na ngano kwa wingi. Ikatunga sheria: setla akilima ekari alizokubaliana na serikali, anahakikishiwa malipo fulani kwa kila ekari, hata mvua ikatae. Akivunja ardhi mpya, anaongezwa pesa. Mwafrika hakuwemo kwa hiyo mpango. Na mwaka huohuo serikali ikashika biashara ya mahindi, gunia la Mwafrika likawa linanunuliwa kwa bei ya chini kuliko la Mzungu. Mahindi ni yaleyale! Mimi naona hiyo ni ruzuku pia, ila ilikuwa inatoka kwa shamba la mtu mweusi. (Niliacha chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii.)

Uhuru ukaja na ule mpango wa malipo kwa ekari haukufa. Uliendelea hadi miaka ya 1970, na aliyefaidi ni mwenye shamba kubwa. Sasa huku Gusii, sokoro akiwa na ekari tano na vijana wanne, fanya mgawanyo mwenyewe. Halafu wale vijana nao wakazaa.

Kisha pareto. Kenya iliongoza dunia kwa pareto, na maua mengi yalichumwa kwenye hivi vishamba vyetu vya milimani. Mkulima anapeleka maua, anangoja malipo miezi, wengine miaka. Watu wakachoka, waking'oa. Hapo mkulima ndiye alikuwa anaikopesha serikali, na bila riba. Hata mbolea ya chai ya KTDA si zawadi, ni deni linalokatwa kwenye malipo ya majani.

Ruzuku ya kumlenga mkulima maskini ilikuja juzi tu, kwenye 2007, na mpango wa NAAIAP: mbegu na mbolea za kutosha ekari moja. Septemba 2022, gunia likiwa limepita 6,000 madukani, serikali ikaliteremsha hadi 3,500, na 2023 hadi 2,500. Nikubali, hiyo imesaidia. Lakini 2024 ikagundulika baadhi ya magunia ni feki. Wabunge wakapiga kura ya kumng'oa Waziri Mithika Linturi, kamati ikachunguza, ikasema tuhuma hazikuthibitishwa. Mahindi yaliyopandwa na hiyo mbolea hayangojei kamati.

Na bado hesabu ni ya ekari. Magunia unayopewa yanafuata ukubwa wa shamba ulilosajili, so mwenye ekari hamsini anapunguziwa bei mara nyingi kuliko magokoro.

Msimu huu alipata gunia moja. Nusu amempa mke wa ami, kwa sababu meseji yake haikuingia.