Mrija mdogo, roho nyingi: historia ya barafu kwenye kipimamwendo cha ndege

Leo naweka programu pembeni kidogo (si mbali sana, mtaona) ili tuzungumzie ndege, hasa zile ndogo ambazo watu hujiundia wenyewe nyumbani. Kila baada ya muda habari za Kenya hutuonyesha kijana aliyeunda ndege kwa vyuma chakavu na injini ya pikipiki. Sote tunashangilia mabawa na injini. Mimi kwenye picha hutafuta kitu kimoja tu: mrija mwembamba unaotazama mbele. Mara nyingi siuoni.

Mrija huo ndio unaompa rubani kasi ya ndege ndani ya hewa. Kasi ikipungua mno, mabawa hushindwa kuibeba ndege. Ikizidi mno, ndege inaweza kuvunjika.

Mto Seine na mto Tana

Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa Henri Pitot alitaka kupima kasi ya maji ya mto Seine, Paris. Alichukua mrija uliopindwa, akaelekeza mdomo wake kule maji yanakotoka. Maji yakapanda ndani ya mrija kupita usawa wa mto. Mto ukiwa na kasi zaidi, maji hupanda zaidi. Ukitaka jaribu hapa kwetu kwenye Tana: maji yakikimbia mita 1.4 kwa sekunde, yatapanda kama sentimita 10. Chunga mamba tu!

Ndege zilichukua wazo hilo hilo, ila kwa hewa badala ya maji. Mrija wa mbele hupokea hewa inayogonga, na tundu la ubavuni hupokea hewa tuli. Tofauti ya presha hizo mbili ndiyo hugeuzwa kuwa kasi. Na ni presha ndogo: kwa mwendo wa noti 100, karibu na usawa wa bahari, ni sawa na kina cha maji cha sentimita 16 hivi. Punje ya barafu mdomoni inatosha kuharibu hesabu yote.

Barafu? Garissa?

Najua mnacheka. Hapa Waberi barafu tunaijua ya kwenye friji. Lakini hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda. Kwa hiyo hata juu ya ikweta, ukifika mita 5,000 hivi uko kwenye baridi ya kugandisha. Ndiyo maana Mlima Kenya wenye mita 5,199 una barafu kileleni. Na mawingu makubwa ya mvua za Gu na Deyr hupanda mbali zaidi ya hapo.

Kenya ina kisa chake cha zamani. Septemba 1936 Beryl Markham, rubani aliyelelewa Kenya, aliruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kwenda magharibi. Injini ilizimika na akaangukia kwenye tope huko Nova Scotia, Kanada, akiwa hai. Inaelezwa kuwa barafu iliziba mirija ya kupitisha hewa kwenye tanki la mafuta. Si kipimamwendo, lakini funzo ni moja: tundu dogo likiziba, ndege nzima iko taabani.

Kosa lisilojitangaza

Wenzangu waandishi wa programu, hapa ndipo sikio lisimame. Mrija ukiziba hausemi "nimeharibika". Unaendelea kutoa namba, na namba yenyewe inaonekana ya kawaida.

Mdomo ukiziba huku kitundu cha kutolea maji kikiwa wazi, kasi hushuka hadi sifuri. Hiyo utaigundua. Vikiziba vyote viwili, presha hufungiwa ndani, na kipimamwendo hugeuka kuwa kipimo cha urefu kutoka ardhini: ukipanda, kinaonyesha kasi inaongezeka!

Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya Northwest iliondoka New York ikiwa na wahudumu watatu bila abiria. Swichi za kupasha mirija joto hazikuwa zimewashwa. Barafu ikaziba, na saa zikaonyesha kasi inazidi na kuzidi. Marubani wakainua pua ya ndege ili kuipunguza. Kasi halisi ikafa, ndege ikaanguka, wote watatu wakafariki.

Miaka 35 baadaye, tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France ilikuwa juu ya Atlantiki, kwenye ukanda ule ule wa mawingu ya tropiki ambao hutuletea mvua. Hita za mirija zilikuwa zinafanya kazi, lakini chembe za barafu zilizidi nguvu yake. Kasi sahihi ilipotea kwa muda usiofika dakika moja. Otopailoti ikajitoa, pua ikainuliwa, na watu 228 wakapotea.

Mjenzi afanye nini?

Dawa ni mrija wenye hita ya umeme ndani. Kwa ndege ndogo hula wati 100 hivi, yaani ampea 8 kwenye betri ya volti 12. Piga hesabu kabla ya kununua: injini ya Rotax 912, inayopendwa na wajenzi, huzalisha wati 250 tu. Hita peke yake inakula asilimia 40. Weka waya mnene, fyuzi yake, na taa ya onyo inayosoma umeme unaopita kwenye hita, si mahali swichi ilipo. Washa kabla ya kuingia kwenye wingu au mvua. Chini usiiache ikiwaka, na usiushike, utaungua.

Kwa Garissa, adui wa kila siku ni nyigu wanaojenga kwa udongo. Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa. Ilikuwa imekaa wiki kadhaa bila kuruka, kwa muda mirija haikufunikwa, na wachunguzi walishuku nyigu. Kifuniko chenye utepe mwekundu wa kukumbusha kukitoa ni bei ya chai na mahamri.

Usiamini kihisi kimoja

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka na watu 157, wakiwemo Wakenya 32. Programu ndani ya ile 737 MAX iliamini kihisi kimoja cha pembe ya upepo, nacho kilikuwa kinadanganya. Programu ilifanya ilivyoandikwa, ikasukuma pua chini tena na tena.

Kwa hiyo mjenzi wa nyumbani awe na ushahidi wa pili. GPS humpa kasi ya ardhini. Akikadiria upepo, atajua kama saa inamdanganya. Na ajue kwa kichwa: pua hapa, nguvu ya injini hapa, ndege yangu hukaa kwenye kasi hii. Usione vyaelea, vimeundwa, na vinavyopaa vimeundwa kwa uangalifu zaidi.

Kijana wa vyuma chakavu namtakia mema. Mabawa anayo tayari. Sasa aanze na mrija.

Tukutane tena wiki ijayo, inshallah, turudi kwenye programu.