Karo ya Chuo na Shaba ya Likasi

Waandikao historia ya karo za chuo kikuu nchini Kongo kwa kawaida huanzia wizarani, Kinshasa. Sisi twaona afadhali kuanzia Shituru, kwenye kiwanda cha shaba cha Likasi. Gécamines ndiyo iliyoilisha hazina ya Zaire fedha za kigeni. Ndiyo pia iliyowasomesha watoto wa wafanyakazi wake. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka, na uzalishaji, uliokuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ukashuka chini ya 50,000 mwaka 1993. Hazina ikakauka. Mishahara ya maprofesa wa Lubumbashi ikabaki jina tu, na mzigo ukamwangukia mzazi: shuleni kwa ile iliyoitwa “prime” ya walimu, chuoni kwa minervali na nyongeza zake.

Lakini mzazi huyo, hapa Likasi, alikuwa nani? Mara nyingi ni mfanyakazi yule yule wa Gécamines, asiyelipwa kwa miezi. Mwaka 2003 ulianza mpango, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wa kuwaachisha kazi zaidi ya 10,000 kati yao. “Kuondoka kwa hiari,” ndivyo ulivyoitwa. Waliopokea malipo hayo ya mkupuo walipaswa kuamua ni mtoto yupi apande gari la Lubumbashi.