Shingo Isiyokunjika: Tarikh ya Homa ya Uti wa Mgongo na Watoto wa Butembo na Beni

Maradhi haya yalijulikana kwa sura yake kabla hayajajulikana kwa sababu yake. Wazee wa pwani, walipomwona mtoto amekakamaa, macho yamegeuka na shingo imevutika nyuma, walisema amepatwa na dege, wakayakusanya maradhi mengi chini ya jina hilo moja. Na Ulaya nako, tabibu Gaspard Vieusseux, aliyeandika habari za mlipuko wa Geneva wa mwaka 1805, hakuwa na ilimu zaidi ya alichokiona kwa macho. Ilipofika mwaka 1887 ndipo Anton Weichselbaum alipokitambua kijidudu chenyewe kwa darubini mjini Vienna. Na mwaka 1891 Heinrich Quincke akaonyesha jinsi ya kupenyeza sindano baina ya pingili za kiunoni na kuyatoa maji ya uti wa mgongo, ambayo kwa mtu mzima wa afya huwa maangavu kama ya chemchemi, na kwa mgonjwa aghalabu huwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele.

Mwaka 1963 tabibu Mfaransa, Léon Lapeyssonnie, aliuchora ukanda wa maradhi haya, ambao leo huhesabiwa kutoka Senegali hata Uhabeshi, katika nchi za kiangazi kikali na vumbi. Butembo, mji wa vilima na ukungu, na Beni, penye ukingo wa msitu, imo mashariki mwa Kongo, kusini ya ukanda huo. Lakini mpaka wa ramani haumzuii msafiri. Mwaka 1994 homa hiyo ilizuka katika kambi za wakimbizi karibu na Goma, na mwaka 2021 ikaishika Banalia, mji uliomo katika barabara ya taifa nambari 4, ile ile inayopita Beni kwenda Kasindi, wakashukiwa wagonjwa zaidi ya 2,600, wakafa zaidi ya 200. Tena vipo vijidudu vingine visivyongoja vumbi wala kiangazi, na ndiyo sababu watoto wa Kongo huchanjwa dhidi ya kijidudu cha Hib na dhidi ya kile cha nimonia, pneumokoki.

Kabla ya hayo ya Banalia ilikuwa imekuja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, ambayo hata ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Homa ya uti wa mgongo, Ebola na malaria, zote huanza kwa joto na maumivu ya kichwa. Hata mwezi wa Novemba 2018 ikabidi wakazi wa Beni wagawiwe dawa za malaria, ili wenye malaria wapungue miongoni mwa walioshukiwa Ebola. Na katika zama hizo wazazi wengi walikihofu kituo cha afya kuliko homa yenyewe.

Basi na tuzitazame ishara. Mlaze mtoto chali, weka kiganja chini ya kisogo, umwinue kichwa taratibu: asiye na maradhi haya kidevu chake hugusa kifua, lakini mwenye nayo shingo aghalabu hukaza, akalia, na pengine magoti yakajikunja yenyewe, kama alivyoandika Józef Brudziński mwaka 1909. Mtoto mchanga, hata hivyo, huweza asikaze shingo kabisa. Kwake tazama utosi uliovimba hali ametulia, kilio chembamba kisichokoma, kukataa ziwa, kulegea, na degedege. Yakitokea madoa ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa, ambayo juu ya ngozi nyeusi hutafutwa viganjani, nyayoni na ndani ya kope, khatari imekwisha kuwa kubwa. Kwani maradhi haya huweza kuua kwa muda wa saa chache, na aponaye huweza kubaki kiziwi au mwenye kifafa.

Darubini na sindano ziko hospitali, lakini jicho la kwanza ni la mzazi. Aonaye ishara hizi asingoje kupambazuke, wala asingoje kwanza vidonge vya malaria viishe: na ampeleke mtoto saa ile ile.