Jenerali Dumas, Mwana wa Marie-Cessette

Machi 1797, Wafaransa walikuwa wakiwafukuza Waaustria katika mabonde ya Tyrol. Penye daraja la Klausen, karibu na Brixen, Jenerali Thomas-Alexandre Dumas alijikuta amewaacha wenzake nyuma. Hakugeuza farasi. Alisimama pale peke yake, upanga mkononi, akawazuia askari farasi wa adui mpaka msaada ulipofika, huku damu ikimtoka. Waaustria walimwita Shetani Mweusi. Bonaparte, kamanda wa jeshi lao, alimfananisha na Horatius Cocles, shujaa wa Roma ya kale aliyelinda daraja.

Jenerali huyo alizaliwa utumwani.

Alizaliwa mwaka 1762 mjini Jérémie, katika koloni la Saint-Domingue, Haiti ya leo. Mama yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa. Baba yake, kabaila wa Kifaransa. Baba alipotaka nauli ya kurudi kwao, alimweka mwanawe rehani, kisha akamkomboa na kumleta Ufaransa mwaka 1776. Kijana alipojiunga na jeshi mwaka 1786, askari wa kawaida tu, alijiandikisha kwa jina la mama yake: Dumas.

Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalimfungulia njia. Mwanzoni mwa 1792 alikuwa koplo. Septemba 1793 alikuwa jenerali wa divisheni. Mwaka uliofuata aliongoza mashambulizi kwenye theluji ya Alps na kuuteka mlima Mont Cenis. Alipopelekwa Vendée, eneo la Ufaransa lililokuwa limeasi, aliripoti bila kuficha jinsi askari wa Jamhuri walivyopora na kuua raia. Ripoti ile ilihitaji ushujaa usiopungua ule wa darajani.

Misri ndiko alikoharibikiwa. Akiwa kamanda wa askari farasi mwaka 1798, aliutilia shaka msafara wenyewe wa kuivamia nchi hiyo, akakosana na Bonaparte aliyeuongoza. Mwaka 1799 aliondoka kwa meli mbovu iliyolazimika kutia nanga Taranto, na Ufalme wa Naples ukamfunga kwa takriban miaka miwili. Alitoka mgonjwa, afya yake imevunjika.

Mwaka 1802 Bonaparte, sasa mtawala wa Ufaransa, aliurudisha utumwa kwenye makoloni. Dumas aliandika barua akidai mishahara yake, bila mafanikio. Alifariki Februari 1806, akiwa na miaka 43. Mjane wake, Marie-Louise, aliomba pensheni akanyimwa, akabaki kumlea mtoto wa miaka mitatu: Alexandre, ambaye baadaye angeandika riwaya ya *Les Trois Mousquetaires*.